Mzizi Kabla ya Jani: Mada juu ya Kuotesha Mbegu za Mkarafuu na Kupanda Miche Yake

Mada niliyokabidhiwa katika semina hii ni kuotesha mbegu na kupanda miche kwa njia iliyo sahihi, nami nimeona kwamba nikijaribu kuzungumza juu ya kila mbegu itiwayo ardhini nitapita juu ya mengi bila ya kutua popote; kwa hiyo nimechagua mti mmoja, mkarafuu, ambao ndio riziki ya jamaa wengi waliohudhuria hapa, na miti mingine nitaitaja pale tu itakapotusaidia kuufahamu huu.

Ninalotaka kulisema ni jambo moja, na mengine yote yatakayofuata ni ushahidi wake. Sisi, wauzaji miche na wanunuzi pamoja, tumezoea kuuhukumu mche kwa majani yake: tunatazama urefu, tunatazama rangi, tunasema huu mzuri, huu dhaifu, ilhali sehemu iamuayo kama mti utaishi ama utakufa imefichwa udongoni, na aghalabu imekwisha kuharibiwa kabla mche haujatoka kitaluni. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, hukamilika kuzaa baada ya miaka 15 au 20, na ukitunzwa waweza kuishi miaka 100. Mwenye kupanda mahindi akikosea, kosa lake humrudia kabla ya mwaka kwisha, naye hujifunza. Lakini mwenye kuukunja mzizi wa mkarafuu siku ya kuuatika hatapata habari ya taksiri yake mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mamaye siku hiyo awe anakwenda skuli, na hapo hakuna atakayekumbuka ni mkono gani uliofanya jambo lile. Hii ndiyo sababu makosa ya kitaluni hudumu kizazi baada ya kizazi: adhabu yake huchelewa mno hata isijulikane kuwa ni adhabu.

Mti wenyewe ni mgeni kwetu, na safari yake yatufundisha kitu juu ya mbegu yake. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, kule Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliuhodhi kwa ukali mkubwa ili usioteshwe na taifa lingine. Na mwaka 1770 ndipo Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa Mauritius, alipofaulu kupata miche na mbegu zilizotolewa huko kwa siri, ambazo nyingi zilikufa na chache tu zikasalimika. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akauhimiza kwa amri na kwa mfano wake mwenyewe hata mashamba yakaenea; kisha tufani ya Aprili 1872 ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupatwa kwa kiasi kile, ikashika uongozi ambao haijauacha hadi leo. Nimeyataja haya si kwa ajili ya tarehe zake, bali ili tuone kwamba mbegu hii haikuweza kusafirishwa miezi baharini ndani ya gunia kama mtama au kunde, kwa sababu ya tabia yake ambayo sasa nataka tuiangalie kwa makini.

Mbegu za dunia, kwa habari ya kungoja, ni za namna mbili. Kuna zile zinazokubali kukaushwa na kuwekwa, nazo ni kama mahindi, mtama, mchicha na miti mingi ya nyika. Kadiri uzikaushavyo vizuri ndivyo zidumuvyo. Na kuna zile ambazo ukizikausha umeziua, kwa kuwa uhai wake hautengani na maji yaliyomo ndani yake. Mtaalamu E. H. Roberts ndiye aliyeuweka mgawanyo huu bayana katika maandishi ya sayansi mwaka 1973, lakini mkulima wa Pemba aliyewahi kuatika matunda ya wiki mbili akakaa kungoja bure alikwisha kuujua kwa hasara. Mkarafuu ni wa kundi hili la pili, na katika kundi hilo ni miongoni mwa wasio na subira hata kidogo: mbegu yake ikiachwa wazi hupoteza uhai kwa muda wa wiki moja hivi.

Basi kazi huanzia juu ya mti. Karafuu tunayoichuma na kuianika ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likiachwa huchanua, na baada ya ua huja tunda, lile waliitalo watu wa mashambani mpeta, ambalo huiva likawa la rangi ya zambarau iliyokoza karibu na weusi, lenye urefu wa sentimita 2 na nusu au zaidi kidogo. Tunda la kuotesha ni lile lililoiva na kuanza kuanguka lenyewe, au litikiswalo kidogo likaachia. La kijani bado halijawa na nguvu, na lililolala chini siku nyingi limekwisha kupashwa moto na uozo wa nyama yake. Nakuombeni mlizingatie hili la moto. Matunda yakirundikwa ndani ya polo na kufungwa, nyama yake huchachuka, na mchachuko ule huzaa joto ambalo mtu akitia mkono katikati ya polo hulihisi dhahiri. Joto hilo huua mbegu hata kama hazijatimiza siku tatu tangu kuokotwa. Kwa hiyo matunda yachukuliwe ndani ya pakacha au kikapu chenye kupitisha hewa, yawekwe kivulini, na jioni ile ile yatiwe katika maji yalale humo usiku kucha. Asubuhi nyama itakuwa imelainika, nayo huvuliwa kwa vidole na mbegu zikasuuzwa mpaka utelezi uishe.

Ukiichukua mbegu moja iliyosafishwa hivyo na kuiweka kiganjani, utaiona ni ndefu kidogo, laini, yenye mfuo uliopita kwa urefu wake. Na ukiufungua mfuo ule kwa ukucha utakuta mapande mawili manene yaliyokumbatiana, ambayo ndiyo chakula cha mche kwa majuma yake ya mwanzo, na baina yao, kwenye ncha moja, kijiti kidogo chenye wekundu. Kijiti kile ndicho mzizi. Jani halijaonekana, shina halijulikani liko wapi, lakini mzizi umekwisha kuwa tayari, na katika mbegu nzuri baada ya kulala majini waweza kuuona umeanza kuchungulia nje. Maumbile yenyewe yametuonyesha hapa utaratibu wa kazi: maji huingia, mzizi hutoka na kushika ardhi, na jani hufuata baadaye sana. Mbegu iliyosinyaa, au iliyogeuka rangi ya kahawia ndani, au iliyotobolewa na mdudu, itupwe bila huruma, kwani nafasi yake kitaluni ni mali.

Tuta la kuoteshea liinuliwe sentimita 15 au 20 juu ya ardhi ili maji yasituame, lisizidi upana wa mita 1 ili mtu afike katikati bila ya kulikanyaga, na udongo wake uwe mwepesi, uliochanganywa mchanga na mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi ni adui hapa, kwa kuwa nayo huchachuka na kutoa joto kama yale matunda ya polo. Mbegu hutiwa kwenye kina cha sentimita 2 hivi, ile ncha ya mzizi ikielekea chini, na kama ncha haijatambulikana basi mbegu ilazwe ubavu, wala isisimamishwe kichwa chini. Kwa maana mzizi uliotoka ukielekea juu hulazimika kugeuka, na mgeuko ule hubaki shingoni mwa mche umri wake wote. Kisha hutandazwa nyasi kavu, na juu yake hujengwa chanja la makuti. Mbegu za kwanza hujitokeza baada ya siku 10 au 15, na zilizochelewa huendelea kuota mpaka wiki ya 6. Hapana haja ya kufukuafukua udongo ili kutazama, kwani kila ufukuavyo ndivyo ukatavyo.

Maji hutiwa asubuhi, kwa kopo lenye matundu madogo, kiasi cha kuulowesha udongo pasipo kuufanya tope. Ugonjwa uuao miche mingi kuliko mwingine wowote katika umri huu ni ule uitwao kinyaushi, ambao huikata miche shingoni, penye mpaka wa udongo na hewa, ikalala chini asubuhi moja kama iliyopitiwa na kisu. Ukungu uletao maradhi haya umo katika udongo wetu siku zote. Unaoupa nguvu ni sisi, kwa maji ya kupita kiasi, kwa mbegu zilizobanana, na kwa chanja lililoshushwa chini mno hata upepo usipite. Chanja liwe juu ya kichwa cha mtu aliyechuchumaa, angalau. Dawa ya kuvu ipo, na itumiwe inapobidi, lakini aliyeweka nafasi na hewa atainunua mara chache.

Nafika sasa mahali ambapo, kwa itikadi yangu, mikarafuu mingi hupotea: siku ya kuihamisha miche kutoka tutani kwenda kwenye viriba. Kazi hii aghalabu hupewa vijana na watoto, hulipwa kwa hesabu ya viriba vilivyojazwa, na kwa sababu hiyo hufanywa mbio. Mche hunyofolewa kwa kushikwa shina. Udongo wa kiriba hutobolewa kwa kidole, tundu likawa fupi kuliko mzizi. Mzizi husukumwa ndani, nao kwa kukosa pa kwenda hupinda na ncha yake ikaelekea juu kama ndoana. Udongo hufunikwa, maji hunyunyizwa, na kwa nje mche ule hauna tofauti yoyote na wa jirani yake. Huendelea kumea vizuri, kwa kuwa kiriba kina samadi na maji huletwa kila siku. Ukipandwa shambani humea pia kwa mwaka mmoja au miwili, ukinywa maji ya juu juu. Kisha huja kiangazi kirefu, mzizi uliopaswa kuwa umezama chini kutafuta unyevu umejisokota mahali pamoja, na mkulima huona majani yakipukutika akasema shamba hili halina bahati. Na ule uliookoka ukame husubiri upepo. Kwani mti uliokosa mzizi wa kati ulionyooka hauna cha kuushikilia siku ya tufani.

Njia iliyo sahihi haihitaji chombo cha gharama. Tuta hunyweshwa maji saa chache kabla, kazi ikafanywa alasiri au siku ya mawingu. Kijiti cha ncha bapa hupitishwa chini ya mche na udongo ukanyanyuliwa pamoja nao. Mche hushikwa kwa jani, kamwe si kwa shina, kwa sababu jani likichubuka litaota jingine, na shina likibinywa halina badala. Miche iliyong'olewa huwekwa ndani ya beseni lenye maji kidogo na kufunikwa kitambaa kibichi, wala isingoje juani hata kwa muda wa mtu kuvuta sigara. Tundu ndani ya kiriba hutobolewa kwa kijiti, lizidi urefu wa mzizi; mche huteremshwa mpaka uzame kupita kiwango chake, kisha huvutwa juu taratibu hadi shingo ije sawa na uso wa udongo, na mvuto huo mdogo ndio unyooshao mzizi. Hapo kijiti huchomwa kando na kuusukuma udongo kuelekea mzizini, ili pasibaki pengo la hewa chini. Na ikiwa mzizi ni mrefu kuliko kiriba, ni heri kuukata ncha kwa wembe mkali kuliko kuukunja: uliokatwa hutoa matawi mapya yenye kwenda chini, na uliokunjwa hukaa vile vile ulivyokunjwa.

Kiriba chenyewe kiwe na kina cha sentimita 25 angalau na matundu ya kutolea maji, na ndani yake sehemu 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Mche utakaa humo mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na katika muda huo viriba vinyanyuliwe kila baada ya wiki chache, kwa kuwa mizizi hupenya matundu na kuingia ardhini, na mche uliozoea kunywa kutoka chini ya kiriba hushtuka vibaya siku unapobebwa. Miezi miwili au mitatu ya mwisho, makuti ya chanja yapunguzwe hatua kwa hatua na maji nayo yapunguzwe, ili mche ulijue jua kabla ya kukabidhiwa kwake.

Wako watakaouliza: mbona wazee wetu walichukua maotea chini ya mikarafuu mikubwa, wakapanda, na miti yao ingalipo? Ni kweli, na siyadharau maotea. Mengine ni miche bora kuliko ya kitaluni, kwa sababu mzizi wake haujapata kuguswa. Lakini wazee walichukua yale madogo, baada ya mvua, kwa jembe, pamoja na bonge lake la udongo. Sisi twavuta kwa mkono yale yaliyofika kiunoni, na mlio mdogo usikikao pale chini ni wa mzizi wa kati unaokatika. Mwingine atasema kwamba mnazi hung'olewa na mizizi yake ikakatwa ovyo, nao huota. Hilo pia ni kweli, ila mnazi una tabia yake: mche wake hulishwa muda mrefu na joya lililomo ndani ya nazi, hauna mzizi wa kati, na mizizi iliyokatwa huacha nafasi kwa mingine mipya itokayo kwenye kitako cha shina. Mwembe uko karibu zaidi na mkarafuu, kwani mbegu yake nayo haingoji, na mzizi wake nao huzama haraka. Ndiyo maana kokwa huatikwa ikiwa mbichi, upande wake wenye nundu ukitazama juu. Kila mti uulizwe tabia yake, wala tusiupe mmoja hukumu ya mwingine.

Juu ya upandaji shambani sitasema mengi, kwa kuwa hadhara hii yaujua. Shimo la sentimita 60 kila upande lichimbwe mwezi mmoja kabla ya mvua, udongo wa juu ukawekwa mbali na wa chini, na ule wa juu ndio uchanganywe na samadi na kurudishwa kwanza. Baina ya mti na mti iwe mita 6 hadi 9. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote: nimeona mikarafuu ya miaka minne iliyokufa, na ilipong'olewa kiriba kilikuwa kingali kimeivaa mizizi. Mizizi iliyozunguka kitako ikatwe kwa wembe. Shingo ibaki sawa na uso wa ardhi, matandazo yasiguse shina kwa kuwa huita mchwa, na kuti lisimamishwe upande wa jua la alasiri, ikiwa migomba ya kivuli haijakua.

Lakini wakati wa kupanda nataka niushikilie. Mche uliopandwa masika yanapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, hupata mvua kubwa, kisha hupata kipupwe ambacho jua lake si kali, kisha mvua za vuli, na ndipo, baada ya miezi 9 au 10, hukutana na jua la kaskazi mzizi wake ukiwa umekwisha kushuka. Uliopandwa vuli, mwezi wa Novemba, una wiki chache tu kabla ya jua lile lile. Tofauti ya mimea hii miwili si ya udongo wala ya mbolea, ni ya kalenda. Na mche unaomfikia mkulima mwishoni mwa Mei, mvua zikiaga, ni bora ubaki kitaluni na kumwagiliwa mpaka masika mengine kuliko kupandwa ili kuikamilisha hesabu ya miche iliyogawiwa.

Limebaki jambo moja ambalo naliomba liingie katika maazimio ya semina hii, nalo ni asili ya mbegu zenyewe. Mkulima huchuma karafuu zote za mti wake mzuri, na ana haki, maana kila kishada kilichoachwa kikageuka matunda ni fedha iliyopotea. Yasiyochumwa ni ya mti mbovu usiolipa ujira wa mchumaji, au ya matawi ambayo hakuna aliyethubutu kuyapanda. Matokeo yake ni kwamba vitalu vyetu hujazwa mbegu za mikarafuu dhaifu, mwaka baada ya mwaka, bila ya mtu yeyote kukusudia. Napendekeza kila shehia ichague mikarafuu michache iliyozaa vizuri kwa misimu kadhaa mfululizo, wala si kwa msimu mmoja wa neema, itiwe alama, na mwenye mti alipwe thamani ya karafuu kavu ambazo angalizipata katika matawi atakayoyaacha yazae mbegu. Na malipo hayo yatolewe kabla ya uchumaji kuanza, ili asilazimike kuchagua baina ya mbegu za kesho na chakula cha wanawe.